Tusingoje Msiba

Tarehe 25 Aprili, 2011, alifariki dunia huko Uingereza, kwa maradhi ya saratani, Bibi Marianne Joan Elliott-Said, akiwa na umri wa miaka 53. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Poly Styrene, ambalo alilichagua mwenyewe kwa kejeli, kwani ni jina la aina ya plastiki. Huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kulisikia. Hata hivyo, twaona ipo haja ya kumzungumzia hapa Visiwani.

Baba yake alikuwa Msomali na mama yake Mzungu wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1957, akakulia Brixton, mtaa wa London wenye wahamiaji wengi. Siku alipotimiza miaka 19 aliwasikia Sex Pistols wakipiga kwenye gati ya Hastings, na haukupita muda akaunda bendi yake, X-Ray Spex. Muziki wenyewe, yaani panki, ni wa haraka na wa makelele, wala hatudai kuwa huburudisha kila sikio. Lakini msichana mwenye damu ya Kiafrika kusimama mbele ya bendi ya namna ile, nyaya za kunyooshea meno zikionekana wazi kinywani, halikuwa jambo dogo. Santuri yake ya mwaka 1978, Germfree Adolescents, iliwakejeli watu waliogeuzwa watumwa wa matangazo ya biashara na vitu vya plastiki. Sisi tunaookota chupa ufukweni kila kukicha hatuna la kumbishia.

Mwaka uliofuata bendi ilivunjika, naye akauguzwa kwa maradhi ya akili ambayo madaktari waliyapa jina lisilo lake. Alipofariki, kazi ya kukusanya maandiko na picha zake ilimwangukia binti yake, Celeste Bell, ambaye kwa kushirikiana na Paul Sng alitoa filamu juu ya mama yake mwaka 2021.

Je, mwimbaji asiye na binti wa namna hiyo? Sauti ya Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, twaisikia hadi leo kwa sababu mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodiwa. Bi Kidude naye alituaga Aprili 2013 akiwa ameacha kanda. Lakini wapo bibi zetu wa Unguja na Pemba, mafundi wa taarab, msewe na nyimbo za unyago, ambao hakuna aliyewahi kuwawekea kinasa sauti. Siku wakiondoka, watasomewa khitma, na nyimbo zitazikwa pamoja nao.

Rambirambi za viongozi hatuzikatai, ila huja zimechelewa. Twaiomba Wizara yenye dhamana ya utamaduni iwatume wataalamu vijijini, kuanzia Makunduchi hadi Konde, wakarekodi zile nyimbo ambazo wenyewe wataridhia zirekodiwe, wawalipe haki yao, na kila kanda iandikwe jina la mwimbaji. Kabla ya bajeti ijayo, wananchi waelezwe nani atakwenda, na lini.