Herufi Moja, Namba Mbili

Nyumbani kwetu Munanila, katika milima ya Kigoma, tumehifadhi barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Ilitoka Ujiji enzi za babu. Likizo iliyopita niliinakili kwenye kompyuta: nusu kwa kibodi ya Kiarabu, nusu kwa ya Kiajemi, kwa kuwa hii ya pili ina herufi za sauti p na ch. Nilipomaliza nikatafuta neno “yangu”. Kwa macho nililiona mara nne. Kompyuta ililiona mara mbili.

Sababu ni herufi ye. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba yake. Katika mfumo wa Unicode, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ye ya Kiarabu ni namba 1610 na ye ya Kiajemi ni 1740. Zilitenganishwa kwa sababu ya msingi: mwishoni mwa neno ya Kiarabu huwa na nukta mbili chini, ya Kiajemi haina. Lakini mwanzoni na katikati ya neno hufanana kabisa. Msomaji anaona neno moja. Mashine inaona mawili.

Waajemi na Waarabu wanajua ye yao ni ipi. Ye ya Kiswahili ni ipi? Hakuna aliyeamua. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifu tahajia ya Kilatini, na hati ya Kiarabu ikabaki bila msimamizi. Hati hiyo haikuwa ya wageni. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, katika karne ya 19, aliongeza alama ili sauti za Kiswahili zisichanganyike. Mwaka 1892 Büttner alichapisha Berlin mkusanyo mzima wa maandishi ya Kiswahili kwa hati hiyo.

Najua kuna mtumishi wa umma atakayeuliza: yanihusu nini mimi wa masijala, nisiyejua hata alifu? Basi na atazame majina ya Ng’wandu na Ng’wanakilala katika orodha yake. Alama ile ndogo baada ya “Ng” huweza kuwa namba 39, au 8217, au 700, kutegemea programu na mkono wa mwandishi. Nimewahi kumwona mwanafunzi akiambiwa kuwa jina lake halimo, na jina lilikuwamo. Lilikuwa limeandikwa kwa alama nyingine. Aliyelipa gharama ya kwenda na kurudi si programu, ni mwanafunzi.

Hapa ndipo jambo la kiufundi linapogeuka kuwa la haki. Kumbukumbu isiyotafutika ni sawa na iliyopotea. Tunaweza kupiga picha kila hati ya mirathi na ya mauzo ya shamba, tukanakili kila utenzi, kisha mjukuu akatafuta jina la bibi yake asilipate, ingawa lipo mbele yake.

Wengine watasema nchi ina shida kubwa zaidi, za maji na dawa. Ni kweli. Ila dawa hii ni rahisi: waraka wa kurasa chache unaosema ye ya Kiswahili ni namba ipi, kafu ni ipi, na alama ya ng’ ni ipi, kisha programu za kutafutia zifundishwe kuzihesabu pacha hizo kuwa kitu kimoja. BAKITA na BAKIZA wana mamlaka ya lugha, vyuo vikuu vina wataalamu wa hati na wa kompyuta. Kinachokosekana ni kuketi meza moja.

Tangu mwaka 2022 dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili kila Julai 7. Tunaimba, tunahutubia, tunavaa kanga. Mwaka huu ningependa tuongeze jambo moja dogo: tuamue herufi zetu ni zipi, kabla kibodi za wengine hazijatuamulia.