Dawa ya kifafa isikatwe ghafla

Mtoto amemaliza miezi sita bila kuanguka. Wazazi wanafurahi, wanasema amepona, na pesa ya vidonge inaenda kununua unga. Siku chache baadaye anaanguka tena, na safari hii kifafa kinarudi kabla hajapata fahamu. Habari kama hiyo si ngeni mashariki mwa Kongo.

Wengi wanaogopa dawa yenyewe. Ni kweli, fenobarbitali, ambayo watu wanaiita Gardénal, inaleta usingizi, na watoto wengine wanakuwa wakali. Lakini hatari kubwa zaidi ni kuiacha kwa siku moja. Ubongo uliozoea kutulizwa na dawa hiyo ukinyimwa ghafla unavurugika. Kifafa kinachopita dakika 5 kinaweza kuua. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kuacha dawa kunawezekana. Kwa kawaida daktari anaanza kufikiria jambo hilo baada ya miaka 2 bila kuanguka, kisha anapunguza kidogo kidogo kwa miezi. Uamuzi huo si wa jirani, wala si wa muuza dawa sokoni. Mchungaji anayemwombea mgonjwa hana kosa. Kosa ni kumwambia atupe vidonge ili kuonyesha imani.

Kuna mengine ambayo familia inapaswa kujua. Pombe pamoja na fenobarbitali inaweza kuzuia pumzi. Vidonge viwekwe mbali na watoto, maana vikizidi vinaua. Upele wenye homa au vidonda mdomoni ni sababu ya kwenda hospitali siku ileile. Fenobarbitali inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Valproati, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kuharibu mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia azungumze na daktari kabla ya kupata mimba. Lakini hata mwenye mimba asiikate mwenyewe.

Hata hivyo, si haki kulaumu familia peke yake. Mama anaweza kufuata kila shauri, kisha akute famasi ya kituo cha afya haina kitu. Fenobarbitali ni ya bei ndogo, lakini vita vikifunga barabara inakosekana kama dawa za bei kubwa. Anayekimbia mapigano anabeba godoro na sufuria, vidonge vinabaki nyumbani.

Kwa hiyo viongozi wa zone za afya na mashirika yanayosaidia wakimbizi wanapaswa kuhesabu dawa ya kifafa pamoja na dawa za malaria na kipindupindu. Pale njia inapoanza kuwa mbaya, mgonjwa apewe vidonge vya kumfikisha mbali kuliko wiki moja. Kumwambia mtu asikatishe dawa, halafu kumwachia famasi tupu, ni kumfungia mlango na kumwambia aingie.