Uwanja wa Njombe: Taa Kwanza, Jengo Baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya fedha za Serikali zinazotumika katika viwanja vidogo vya ndege mikoani, na hasa kiwanja chetu cha Njombe.

Kwanza kabisa naipongeza Serikali. Tangu ndege mbili za kwanza za aina ya Q400 zipokelewe Septemba 2016, mikoa ya mbali kama Ruvuma na Kagera imesogea karibu na Dar es Salaam. Njombe nayo imo katika orodha ya viwanja vilivyofanyiwa upembuzi yakinifu, pamoja na Iringa, Songea, Lindi na Kilwa. Wananchi wa huku wanauliza: wetu lini? Mimi nauliza pia: utamhudumia nani?

Hapa Uwemba wako wanaosema kuwa uwanja ukijengwa, maparachichi yetu yatapanda ndege mpaka Ulaya. Hayo ni matumaini yasiyo na hesabu. Kontena moja la baridi la futi 40 hubeba zaidi ya tani 20 za maparachichi. Q400 hubeba abiria 76, na hata wakiteremshwa wote, mzigo wake haufiki tani 10. Ipo ndege ya mizigo ya Boeing 767 iliyopokelewa mwaka 2023, ambayo hubeba tani 54, lakini hiyo yataka njia ndefu ya kurukia. Tena Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuliko pwani. Parachichi basi litaendelea kwenda kwa meli. Adui yake ni matope ya masika, lori linapokwama kabla hata halijafika Njombe mjini. Asije mtu akachukua fedha za barabara za vijijini na kuzipeleka uwanjani kwa jina la mkulima.

Je, nasema uwanja hauhitajiki? La, hasha. Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Alisafirishwa kwa basi kutwa nzima, amelazwa kiti cha nyuma, mkewe akimshikilia kila penye kona. Alifika akiwa hajitambui, na hakurudi. Kwa mtu kama huyo, kiwanja chenye njia imara inayotumika masika na kiangazi kingekuwa na thamani kuliko jengo la vioo.

Tujifunze kwa wenzetu. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012 baada ya ujenzi wa zaidi ya miaka kumi. Lakini kwa miaka kadhaa baadaye ndege zilikuwa zikirudi Dar es Salaam na abiria wake kwa sababu ya ukungu na ukosefu wa taa za kuongozea. Na sisi wa Njombe, nani asiyejua ukungu wetu wa Juni na Julai? Tukumbuke pia Bukoba, Novemba 6, 2022. Ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja, wakafa 19. Wa kwanza kufika kuwaokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Uwanja bila vifaa vya hali ya hewa na waokoaji waliofundishwa ni uwanja nusu.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, mipaka ya eneo la uwanja iwekwe wazi, na wananchi watakaoguswa walipwe fidia kabla ya tingatinga kufika, maana fidia ikichelewa huzaa chuki. Pili, fedha zianze na njia ya kurukia, uzio, taa, vifaa vya hali ya hewa na gari la zimamoto. Jengo la abiria lisubiri abiria. Tatu, kabla ya kuahidi safari za kila siku, tuambiwe nani atalipa viti vitakavyobaki wazi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alionyesha kuwa Shirika la Ndege letu lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 katika mwaka 2022/23. Hasara hiyo hulipwa na sisi sote, pamoja na mkulima ambaye hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege.

Ndugu Mhariri, uwanja wa ndege si pambo la mkoa. Tukiujenga kwa fahari, tutaonyeshana jengo. Tukiujenga kwa hesabu, utaokoa watu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Uwemba, Njombe.