Staa Kapiga Picha Kasepa, Chuma Kimebaki na Sisi Bigwa

Leo siongelei nani kamuacha nani. Leo naongelea chuma, na najua kuna watu watanuna. Povu ruksa.

Wengi mmeiona ile klipu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alikuja mji kasoro bahari kupiga shoo. Asubuhi yake akaletwa Bigwa, akavua tisheti, akaning'inia kwenye chuma chetu, milima ya Uluguru na ukungu wake nyuma. Alijivuta mara nne tu, nilikuwepo, ila video ilivyokatwa utadhani kapiga ishirini. Chini yake akaandika kwamba gym ni kupoteza hela, funga bomba popote ujivute. Laiki zikamiminika. Akapanda gari, akasepa.

Wiki mbili baadaye kila uchochoro una bomba. Madogo wamefunga kwa waya kati ya mfenesi na mwembe, wengine wameegesha juu ya matofali. Dogo mmoja wa darasa la sita akaruka kulishika, bomba likazunguka, akaanguka vibaya, mkono ukavunjika.

Mama yake alikuja mpaka nyumbani. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa tabu, akaniambia: "Mwanangu, hayo machuma yenu yamenivunjia mtoto." Sikuwa na la kusema zaidi ya "nisamehe mama". Bomba lile halikuwa letu, lakini dogo alijifunzia kuning'inia kwetu. Ningejitetea nini?

Sasa mtaani hoja imekuwa moja: ng'oeni vyuma vyote. Na mtandaoni wapo waliosema vyuma vya mtaani ni vijiwe vya wahuni. Mimi nasema chuma kibaki. Ila kisimikwe kama kitu kinachobeba uhai wa mtu.

Kabla hujanirushia jiwe, acha nijirushie mwenyewe. Chuma chetu cha kwanza nilisimika mimi. Shimo futi moja, mawe kidogo, udongo juu, nikakanyaga kwa miguu nikajiona fundi. Ilipofika masika, mnajua mvua za huku chini ya mlima, udongo ukalainika, nguzo ikaanza kulala kama mlevi. Tuliiona mapema, hamna aliyeumia. Tofauti yangu na yule dogo ni bahati tu, siyo akili.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ningependa staa angekisema kwenye video yake. Tulichanga elfu kumi kumi watu kumi na mbili. Bomba la inchi mbili la mita 6 ukilikata katikati unapata nguzo mbili za mita 3. Sentimita 80 zinaingia chini, mita 2.2 zinabaki juu. Bomba la kushika ni la inchi moja, maana nene sana linateleza mkononi na jembamba linakata viganja. Zege ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na juu unalipa mteremko kidogo ili maji yasituame kwenye shina la nguzo yakaleta kutu. Mdomo wa bomba unauziba ili mvua isiingie ndani.

Halafu unasubiri! Hapa ndipo wengi tunafeli. Zege linamwagiwa maji siku saba, na nguvu yake kamili inahesabiwa siku 28. Sisi vijana wa sa hivi tunataka tusimike Jumamosi, Jumapili tupige picha. Mtu wa kilo 70 akibembea, chuma kinavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wake. Kwa hiyo wa kwanza kuning'inia wawe watu wazima wawili kwa pamoja, miguu karibu na ardhi. Kikikaa, mwaga mchanga chini, ndipo uwaite wengine. Na kila wiki mtu akague weldi kama ina ufa.

Kuna na hili la kuiba. Jirani zetu wa mtaa wa pili walisimika bomba zuri, asubuhi wakakuta mashimo. Limeenda kwenye vyuma chakavu. Ukiangalia hivyo, zege la kina linakulinda na kuanguka na linakulinda na mwizi pia.

Kwa wanaosema haya mambo ni ushamba wa wasio na hela ya gym: mwaka 1811 kule Berlin, mwalimu Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi wa nje pale Hasenheide, watu wakipanda na kuning'inia kwenye miti iliyochongwa. Miaka zaidi ya 200 iliyopita. Na hapa kwetu nani hajaona kopo la rangi limejazwa zege na kuchomekwa bomba? Lile la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10. Huo ni ubunifu, wacheni dharau.

Tena serikali yenyewe ilishasema. Mwaka 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki, ambazo ni kama dakika 22 kwa siku, na siku mbili za mazoezi ya kujenga misuli. Sasa kijana wa bodaboda Bigwa hiyo misuli akaijengee wapi? Ada ya gym ya mwezi kwake ni hela ya unga. Ukiking'oa kile chuma, humpeleki gym. Unamrudisha kwenye benchi la kubeti.

Na madada pia. Kwetu wanakuja watatu, wanakuja alfajiri saa kumi na moja na nusu, kwa sababu ikishapambazuka kuna macho na midomo. Ile video ya staa ilivyosambaa, kijiwe kikajaa watu wa kushika simu tu, madada wote watatu wakapotea. Hilo hamna aliyelizungumzia, maana halikuvunja mfupa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wewe mwenye mafoloa mamilioni, ukija mtaani kwetu kuchukua kiki, chukua, hatukatai. Lakini useme na yale ya shimo, zege na siku 28. Maneno manne yako yanafika mbali kuliko mkutano mzima wa mtaa. Na wazee wetu wa mtaa, shikamooni, tunaomba eneo moja tu la wazi tusimike chuma kimoja cha uhakika, madogo wawe na kifupi chao cha pembeni, na watu wazima wa zamu. Vile vya waya tutavifungua wenyewe.

Nilienda kumuona dogo Jumapili. Mkono uko kwenye plasta, kaandikiwa majina ya darasa zima. Swali lake la kwanza: "Kaka, mmeking'oa?" Nikamwambia bado. Mama yake alikuwa mlangoni anasikia, hakusema kitu. Sijui kama ile ni ruhusa.

Haya, uwanja ni wenu. Chuma king'olewe au kibaki? Na mtaani kwenu mmesimika vipi? Shusha komenti hapo chini, nasoma zote.