Mama, Nisikilize Nisome

Juma lililopita tuliwaahidi kwamba leo tungeongea juu ya kutengeneza sabuni nyumbani. Mtusamehe, sabuni itangoja kidogo. Jumanne tulienda shuleni, na tulirudi na neno lililotunyima usingizi.

Tulikuwa wamama watano. Direkta wa shule moja ya msingi ya kanisa letu la Kianglikana, hapa hapa Kisangani, alituita tuje tuone paa linalovuja, ili tujue la kusema katika mkutano wa wazazi. Tulifika saa moja na nusu, watoto wakiwa wamesimama mistari uani, shati nyeupe juu, bluu chini. Bendera ikapanda, wimbo wa taifa ukaimbwa, kisha sala fupi. Wachelewaji walikuwa bado wanashuka kwenye toleka, watatu juu ya baiskeli moja, mdogo akiwa mbele amekumbatia usukani. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope, na mama mmoja kati yetu alianza palepale kufuta viatu vya watoto wasio wake. Ndivyo tulivyo.

Paa tuliliona. Linavuja kweli, na tutaliongea siku nyingine.

Mmoja wetu, anayepika lituma na kuiuza sokoni, ana binti katika darasa la nne. Aliomba aone kaye yake. Wamama, ile kaye ilikuwa safi kama kitambaa cha meza! Herufi zimelala juu ya mstari, tarehe imeandikwa kwa biki nyekundu, hakuna doa la mafuta. Tukaipitisha mkono kwa mkono, tukimsifu mtoto na mama yake. Kisha mmoja wetu, aliyekuwa mwalimu zamani, akamwambia mtoto: “Tusomee mstari huu.” Mtoto akasoma sentensi ya Kifaransa juu ya kuku aliye uani, bila kusita. Tukapiga makofi. Yule dada yetu hakupiga. Akafunika sentensi kwa kiganja, akaacha neno moja tu la katikati, akauliza: “Na hili?” Mtoto akanyamaza. Akatazama dari. Kisha akaanza sentensi upya tangu mwanzo, kwa sauti ileile, huku kidole kikitafuta.

Hakuwa anasoma. Alikuwa ameshika kwa kichwa kile mwalimu alichosema, na mkono wake ulikuwa umejifunza kuchora kile kilicho ubaoni. Miaka minne.

Mama yake hakusema kitu mpaka tulipofika barabarani. Ndipo akasema: “Kila jioni nilikuwa natazama ile kaye. Kumbe nilikuwa natazama rangi ya biki.” Hatukuwa na jibu la kumpa. Na tukubali ukweli, wengi wetu tulikimbia nyumbani siku ileile, tukafunika sentensi kwa kiganja mbele ya watoto wetu wenyewe. Yaliyoonekana katika nyumba zetu hatutayaandika yote hapa.

Mtu asidhani tunamsema mwalimu. Darasa lile lina watoto zaidi ya 80, wanakaa wanne kwenye benchi la wawili. Alituambia kwa upole: “Mama, nikimsikiliza kila mmoja dakika moja tu, zaidi ya saa nzima imekwisha, na hesabu haijaanza.” Ni kweli. Tena mnajua kwamba mpaka leo kuna walimu katika nchi yetu ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo ya serikali, na bado wanashika chaki kila asubuhi.

Wala hatusemi kwamba masomo ya bure ni mabaya. Wako wanaosema hivyo, nasi tunawakatalia. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali iwe ya lazima na ya bure, lakini tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo jambo likaanza kutendeka. Shule zetu za kanisa zimo ndani ya mpango huo, kwa sababu tangu mapatano ya mwaka 1977 makanisa yanaongoza shule hizi pamoja na serikali, na mishahara ya walimu ni juu ya serikali. Je, tumesahau siku za minervali? Tumesahau mtoto aliyerudishwa nyumbani saa mbili asubuhi, mfuko mgongoni, akipita mbele ya jirani na machozi? Na pesa zikipungua, nani alibaki nyumbani? Msichana. Wasichana wale wamerudi shuleni, na darasa limejaa kwa sababu yao. Hatutaki wapunguzwe. Tunataka wakiisha kukaa pale, wajue kusoma.

Kwa maana shida hii si ya nyumba yetu peke yake. Benki ya Dunia imehesabu kwamba katika nchi yetu, kati ya watoto 100 wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi, ukiwahesabu pia wale wasio shuleni. Tuliposoma hesabu hiyo tulidhani ni kosa la mashine ya kuchapa. Baada ya Jumanne hatudhani hivyo tena.

Kwetu sisi wa kanisa hili jambo lina uchungu zaidi, na tutawaambia sababu. Imani hii ilitufikia kwa kitabu. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kutoka Toro akaja Boga, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu kusoma. Kule Uganda waliofuata dini mpya waliitwa wasomaji. Hilo ndilo lilikuwa jina lao. Aliyetaka ubatizo alikaa kwanza na herufi. Apolo aliteswa, alifungwa minyororo, akarudi tena Boga, na uzeeni alikuwa bado anahangaika ili Wambuti wa msituni wapate Injili ya Marko kwa lugha yao. Alipokufa mwaka 1933, inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ya upande ule ilikuwa bado. Sasa wamama, chukueni ramani ya mtoto. Kutoka Boga, ukipita msitu ukielekea magharibi, mji mkubwa unaoukuta ni upi? Ni huu wetu, Boyoma. Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu kufika. Mpaka uhuru lilibaki karibu na Boga, kisha watu waliohama kutafuta kazi na masomo wakalibeba mpaka mijini, na mwaka 1980 Kisangani ikawa dayosisi. Watu wa kitabu, basi. Na mtoto wetu wa darasa la nne anatazama dari.

Tulipokutana Alhamisi, neno la kwanza lililosemwa lilikuwa lile tunalolijua: “Mimi sijui Kifaransa, nitamsaidiaje?” Wengi walitikisa kichwa. Lakini yule dada yetu mwalimu wa zamani alikataa. Alisema kusoma ni kazi moja, na Kifaransa ni kazi nyingine. Mtoto tunambebesha mizigo miwili kwa safari moja: atambue herufi, na palepale aelewe lugha asiyoisikia nyumbani. Akishindwa, hatujui ameangushwa na mzigo upi. Mpe kwanza mmoja. Mtoto anayejua kwamba s na o hufanya so, na mbe ni mbe, atasoma “sombe”, atacheka, kwa sababu sombe anaijua, iko kwenye sufuria mbele yake. Akiisha kuona kwamba herufi zinasema kitu, atakwenda kwenye Kifaransa na ufunguo mkononi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundisha. Kwa hiyo mama anayemsomesha mtoto kwa Kiswahili, au kwa Lingala kama ndiyo lugha ya nyumba yake, haibi kazi ya mwalimu.

Na asome nini? Hapa tulicheka, maana kila mmoja alisema hana vitabu, kisha tukaanza kuhesabu. Kitabu cha nyimbo kipo karibu kila nyumba. Gazeti hili hili mnalolishika lipo, na likiisha kusomwa linafunga karanga. Basi kabla ya karanga lisomwe. Kuna ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi aliye Bunia. Kuna majina ya duka na ya kanisa njiani. Kuna orodha ya soko: mwachie mtoto aandike chumvi, mafuta, makayabo, kisha sokoni akusomee yeye. Mama wa lituma ameanza na hilo la mwisho. Anasema siku ya kwanza binti aliandika “mafta”, akanunua mafuta vizuri tu, na siku ya pili akaongeza u mwenyewe.

Saa ilituletea ubishi. Wengine walisema jioni, lakini jioni umeme ukikatika taa ya simu inamaliza betri, na mtoto amechoka. Tulikubaliana kwamba saa nzuri ni pale sufuria iko motoni na jua halijazama. Mama hakai kitako, lakini masikio yake yako wazi. Robo saa inatosha. Lakini ili binti apate robo saa hiyo, mtu mwingine lazima achote maji. Tuliona kwamba katika nyumba nyingi kaka yake amekaa tu. Ndoo haichagui mkono. Na wababa pia wana masikio. Mmoja wao, mume wa dada yetu, sasa anamsikiliza mdogo wao kila akirudi kazini, na anasema ni yeye anayejifunza.

Wale wamama wasiojua kusoma walikaa kimya nyuma, mpaka mmoja, mkubwa kwetu sote, akauliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu, koko. Mtoto akiisha kusoma, mwambie akusimulie kwa maneno yake; akishindwa kusimulia, hakuelewa. Mwonyeshe neno moja, kisha atafute neno hilohilo mahali pengine kwenye ukurasa. Mfunike sentensi kwa kiganja kama tulivyofanya sisi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaka mama ajue herufi. Na tukitaka kuzijua, hatutakuwa wa kwanza: majirani zetu wa Burundi, Muungano wa Wamama wa Kianglikana, wamekuwa na vikundi vya kusoma kwa miaka mingi, wamama wakijifunza kwa Kirundi, wakikaa kwa duara na kuongea juu ya maisha yao. Koko akasema atakuja na mjukuu wake, waanze pamoja.

Neno moja bado, nalo ni la mkutano wa komite ya wazazi. Tumehudhuria mikutano hiyo miaka mingi. Tunaongea juu ya benchi, choo, paa, mchango wa huyu na deni la yule. Hatukumbuki hata mara moja ambapo mzazi alisimama akauliza: “Katika darasa la tatu, ni watoto wangapi wanaojua kusoma?” Safari hii tutauliza. Tumepanga kuuliza kwa adabu, bila kumwaibisha mtu, na tukipewa hesabu mbaya hatutapiga kelele. Tutaomba mwalimu atuandikie kila juma maneno kumi ambayo darasa limejifunza, kwenye karatasi moja ibandikwe mlangoni, ili mama anayepita kumchukua mtoto ayaone. Mwalimu wa darasa la nne tulimwambia tayari. Alifikiri kidogo, akasema karatasi hana, lakini chaki anayo, na mlango ni mweusi.

Yule binti, mnataka habari zake. Ni siku chache tu, msitegemee muujiza. Jumapili ibadani alikuwa amesimama karibu na mama yake na kitabu cha nyimbo, kidole juu ya mstari. Kanisa lote lilikuwa limefika ubeti wa tatu. Yeye alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza, midomo inakwenda polepole, silabi moja moja, na mama yake hakumwambia afungue ukurasa mwingine wala aharakishe.

Alhamisi tunakutana tena saa tisa, mahali pa kila siku. Kila mama aje na mtoto mmoja wa kati ya mwaka wa pili na wa nne, na kitu chochote chenye maandishi. Sabuni tutaitengeneza juma lijalo, na watoto ndio watakaotusomea vipimo.