Ufundi wa Nyumbu uwafikie mafundi wa vijijini





Likitajwa Shirika la Nyumbu lililoko Kibaha, Mkoa wa Pwani, wananchi wengi huuliza swali moja tu: "Magari yako wapi?" Swali hilo ni la haki, kwani fedha zilizotumika ni za umma. Lakini kwa maoni yangu halitoshi.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, taifa lilipungukiwa sana fedha za kigeni. Malori na matrekta yalisimama kwa kukosa vipuri ambavyo vilipaswa kununuliwa nje. Jeshi letu lilikwisha kuonja taabu ya kutegemea chuma cha wengine. Shirika la Mzinga la Morogoro lilikuwa limeanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mahitaji ya ulinzi, na mwaka 1985 Nyumbu ikawekwa rasmi kuwa kituo cha teknolojia ya magari. Magari ya Nyumbu yaliundwa kweli, ila hayakufikia kutengenezwa kwa wingi. Kiwanda cha magari chahitaji mtaji wa kila mwaka na soko la uhakika. Biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika ya kutoka nje yaliingia kwa bei ambayo kiwanda kichanga hakiwezi kushindana nayo.

Hata hivyo, kabla ya gari kuna mtu. Sharti awepo anayejua kuyeyusha chuma na kukimimina, kukikereza kwa kipimo, kukiunga na kukijaribu. Mtu huyo ndiye faida ambayo hatuihesabu tunapouliza idadi ya magari.

Nitoe mfano wa huku kwetu Litapunga, Mkoa wa Katavi. Mashine ya kusaga tunayoitegemea ilisimama kwa sababu shafti ililika mahali inapokaa beringi. Fundi wetu wa kijijini ni hodari. Aliichomelea ile sehemu iliyolika mpaka ikajaa, kisha akailainisha kwa tupa kwa sababu hana mashine ya kukereza. Jicho na tupa haviwezi kuleta duara kamili. Beringi ilipata moto, na siku ya pili ikavunjika. Shafti ikabidi ipelekwe mjini Mpanda kukerezwa, ikasubiri zamu yake. Siku zote hizo akina mama na watoto walibeba mahindi kichwani kwenda kusaga kijiji kingine. Darasani nilihesabu viti vitupu, na vingi vilikuwa vya wasichana.

Je, fundi yule alikosa akili? Hapana. Alikosa kifaa, na alikosa mtu wa kumwonyesha namna ya kupima. Vyote viwili vimo katika karakana za jeshi.

Sasa wakati umefika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ni jambo jema, lakini sisi walimu tunajua yaliyolikuta somo la Stadi za Kazi katika shule za msingi: lilifundishwa kwa chaki. Mtoto aliandika daftarini kazi za nyundo bila kuishika nyundo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakukusudia hivyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa amali na walimu wao wapelekwe kwa zamu katika karakana za Nyumbu, wakae majuma kadhaa wakifanya kazi kwa mikono, wasiende kutembea tu. Pili, askari mafundi wanaostaafu na kurudi mikoani kwao waombwe kufundisha katika shule hizo kwa malipo ya haki. Mtu aliyetengeneza magari ya jeshi kwa miaka ishirini hafai kuachwa akae barazani. Tatu, Nyumbu ishirikiane na SIDO na VETA kutengeneza vipuri vinavyolika sana katika mashine za kusaga, pampu za visima na matrekta, na vipimo vyake wapewe mafundi wa wilayani.

Wapo watakaosema kuwa kiwanda cha jeshi ni mahali pa siri. Nakubali, silaha na zibaki siri. Lakini shafti ya mashine ya kusaga ina siri gani?

Jeshi letu ni la wananchi, na jina lake lasema hivyo. Lilipolinda mipaka, wananchi walilichangia chakula. Leo wananchi wale wale wanaomba ufundi. Tuendelee kuuliza magari yako wapi, lakini tuulize pia: ni mafundi wangapi wametoka Kibaha wakaja kufundisha Katavi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Litapunga,
Mpanda.