Springi za Hewa Zibaki kwenye Lami

Vijana wenzangu chuoni hubishana juu ya pikapu kama wanavyobishana juu ya mpira. Siku hizi anayeshinda ubishi ni yule anayetaja gari linalojiinua lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Nami naingia katika ubishi huo. Springi za hewa ni uvumbuzi mzuri, lakini kuzisifu kuwa dawa ya barabara mbovu ni kuwapotosha watu ambao pikapu ndiyo riziki yao.

Tuelewane kwanza. Katika mfumo huu, mahali pa springi ya chuma huwekwa mfuko wa mpira wenye hewa. Kompresa ya umeme huujaza gari lipande, au hewa hutolewa gari lishuke. Kule Marekani, pikapu ya Ram 1500 ya mwaka 2013 ililetwa na mifuko hiyo katika magurudumu yote manne, kwa mnunuzi aliyekubali kuongeza pesa. Kwenye njia mbaya inaweza kujiinua kiasi cha sentimita 5. Mwendo ukiongezeka, inajishusha.

Hoja yangu ya kwanza: kinachoinuka ni nini? Ni bodi na chasisi. Ekseli ya nyuma ya Ram hiyo ni mhimili mmoja, na difu imening'inia katikati yake. Bodi ipande itakavyo, difu inabaki palepale, kwa sababu kimo chake kinatokana na ukubwa wa matairi. Jiwe lililokuwa liigonge difu litaigonga tu. Nakiri kwamba Rivian R1T, ambayo kila gurudumu lake linajitegemea, haina kasoro hiyo. Ikijiinua, tumbo lake lote hupita zaidi ya sentimita 35 juu ya ardhi. Lakini haiponi katika hoja mbili zinazofuata.

Pili, gari lililoinuliwa hadi mwisho ni kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole. Mguu umeshanyooka wote, hauna nafasi ya kuteremka tena. Gurudumu likikuta korongo, linaning'inia hewani badala ya kuifuata ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halisukumi gari.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu, ni matengenezo. Mimi nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako kabichi na kahawa huteremshwa kwa pikapu hadi Mbale. Mvua ikinyesha, udongo huwa sabuni. Pikapu hizo zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kimoja kikivunjika, vingine hubeba mzigo hadi gari lifike kwa fundi, naye hutafuta kingine katika gari bovu, akafunga, kazi ikaendelea. Mfuko wa mpira ukitoboka, upande mzima hukaa chini. Hapo fundi hahitaji nyundo; anahitaji mfuko mpya, pengine kompresa, pengine na kompyuta ya kuliuliza gari linaumwa wapi. Kabichi hazingoji spea.

Mtu atasema Ram na Rivian haziji kwetu, maana usukani wake uko kushoto. Ni kweli. Lakini Range Rover za mitumba zenye mfumo huu tunazo. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililopita umri wa miaka 15, ila la miaka 12 linaingia, na mpira wa miaka 12 umeshachoka. Ndiyo maana wenye magari hayo, hapa na ng'ambo, huishia kung'oa mifuko na kurudisha chuma.

Sikatai faida zake. Gari lenye mzigo mzito hubaki limenyooka, mzee hupanda bila kusaidiwa, na gari lililoshuka kwenye barabara kuu hunywa mafuta kidogo zaidi. Lakini tazama: faida hizo zote ni za lami na maegesho. Kwenye matope, matairi mazuri yaliyopunguzwa upepo kidogo, na dereva anayejua kuchagua mahali pa kupita, hufanya kazi kubwa zaidi kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wasomi, mjomba anapouza mahindi ya misimu mitatu ili anunue pikapu, naye akatupigia simu sisi tuliosoma, tusimtajie kitufe. Tumwulize: ikilala kule juu na mzigo wake, ni nani atakayeiamsha?